Leso ndani ya kola: kisa cha ombi la matibabu yasiyogharamiwa kwa kawaida

Kazi yangu ni kufuatana na wagonjwa wanaozungumza Kiswahili wanapokwenda kuonana na madaktari nchini Uingereza, upande wa England. Kati ya mafaili yote niliyowahi kuyashika, hili ndilo ninalolirudia ninapofundisha wasaidizi wapya. Ombi lilikataliwa, likakubaliwa baadaye, na kati ya siku hizo mbili ugonjwa ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni yale yaliyoandikwa kuuhusu.

## Mgonjwa

Nitamwita Mama T. Kazi yake, mji wake na tarehe zimeondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili asitambulike.

Miaka kadhaa kabla hatujakutana alitolewa kijiuvimbe chini ya taya. Kidonda kilifunga vizuri, kisha kovu likaanza kukua. Kovu la kawaida, hata likiinuka, hubaki ndani ya mipaka ya jeraha. Keloidi huivuka mipaka hiyo na kutambaa juu ya ngozi ambayo haikuguswa na kisu. Si saratani wala haiambukizi, na watu wengi huishi nayo bila shida kubwa. La Mama T lilikuwa limeshuka kutoka chini ya sikio hadi karibu na mtulinga, pana kama kiganja, lenye mikunjo kama kitambaa kilichofinywa.

Siku ya kwanza nilimkuta na leso ya pamba iliyokunjwa mara nne, ameisukumiza ndani ya kola ya blauzi. Tulizungumza kama saa moja, na ndani ya saa hiyo aliibadilisha mara mbili. Alikuwa na nyingine safi kwenye pochi, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko wa pili wa kutia zilizochafuka. Hakuomba radhi wala hakueleza, mikono ilikuwa imeshazoea. Leso hiyo haikutajwa mahali popote kwenye karatasi za hospitali.

## Mlango wenyewe ulivyo

Huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na wengi wetu tunaofika kutoka nje tunadhani kwamba daktari akishasema "unahitaji upasuaji", basi utafanyiwa. Mara nyingi ndivyo. Lakini fedha zina mipaka, na tangu Julai 2022 bodi za kieneo, zilizokuwa 42 zilipoanza, ndizo zilizopewa kazi ya kupanga sehemu kubwa ya matumizi hayo. Kila bodi ina sera zinazoeleza matibabu gani yanalipiwa kwa kila anayetimiza masharti, na yapi hayalipiwi kwa kawaida. Kuondoa makovu na vivimbe vya ngozi visivyo vya saratani mara nyingi huangukia kundi hili la pili, kwa hoja kwamba ni suala la mwonekano.

Kwa aliyeangukia nje ya sera kuna mlango mmoja mwembamba: ombi la ufadhili wa mgonjwa mmoja. Mgonjwa hawezi kulipeleka mwenyewe. Linajazwa na daktari anayemtibu. Kwanza hupita kwenye mchujo, ambako fomu husomwa kuona kama kuna hoja ya kujadiliwa, na likivuka hapo linafika mbele ya jopo la madaktari na maafisa ambao kwa kawaida hawatamwona mgonjwa. Karatasi ndiyo mgonjwa.

Swali la jopo si "je, anaumia?" Wanauliza kama mgonjwa huyu anatofautiana kwa kiasi kikubwa na wagonjwa wengine wenye ugonjwa huohuo katika hatua hiyohiyo, na kama kwa sababu ya tofauti hiyo anatarajiwa kunufaika na matibabu kuliko wao. Huo ndio wanaouita upekee. Aliyeumia sana miongoni mwa wengi walioumia hivyohivyo hana upekee. Ni neno gumu kumeza, na nimeshuhudia familia zikilia zinapolielewa.

## Ombi la kwanza

Lilipelekwa kabla sijahusika. Daktari bingwa wa ngozi alikuwa amemtibu Mama T kwa bandeji za silikoni na sindano za steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya kovu, kisha akaona njia iliyobaki ni kulikata. Alikuwa mtu mwema mwenye foleni ndefu, na alijaza fomu kwa kutegemea kliniki moja iliyofanyika kwa mkalimani wa simu.

Nilipopata nakala nilimkalisha Mama T tukaisoma pamoja, mstari kwa mstari, nikimtafsiria. Fomu ilisema mgonjwa "anaona aibu kutokana na mwonekano wa kovu". Nikamuuliza, hasa ulimwambia nini daktari?

"Nilimwambia naona haya kukaa na watu, linanuka."

Fomu ilisema "anahisi ngozi imebana". Yeye alisema, "Nikigeuka linanivuta, sigeuki." Fomu ilisema "uvimbe wa mara kwa mara". Yeye alisema, "Linafura, linapiga kama moyo, halafu linapasuka lenyewe usiku."

Kila neno la mkalimani lilikuwa na ukweli ndani yake, na ukiyaweka pamoja unapata mgonjwa mwingine kabisa. Haya ya kunuka usaha imekuwa aibu ya sura. Shingo isiyogeuka imekuwa ngozi inayobana. Jipu limekuwa uvimbe.

Fomu ilikuwa na sentensi nyingine iliyowekwa kwa nia njema: kwamba keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na hivyo ombi lifikiriwe kwa huruma. Nitairudia.

## Kukataliwa, na wiki 6 zilizopotea

Jibu lilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ombi halikuvuka mchujo. Sababu zilikuwa tatu: kinachoombwa ni kuboresha mwonekano, keloidi ni tatizo la watu wengi na hakuna kilichoonyesha mgonjwa huyu anatofautiana nao, na kovu likikatwa lina uwezekano mkubwa wa kurudi.

Hapa ndipo nilipoitwa, na hapa nilifanya kosa langu. Barua ilitaja haki ya kuomba mapitio, na sote tulikuwa na hasira, kwa hiyo tukaomba mapitio. Niliandika kurasa 4 za kueleza mateso ya Mama T. Jibu lilikuja baada ya wiki 6 na lilikuwa sahihi: mapitio huangalia tu kama taratibu zilifuatwa na kama uamuzi ni wa busara kwa yale yaliyokuwa mbele ya waamuzi. Yaliyokuwa mbele yao yalikuwa fomu ile. Taarifa mpya za kitabibu haziendi kwenye mapitio, zinaingia kwa ombi jipya. Sikuwa nimelisoma sharti hilo kwa makini. Katika wiki hizo 6 Mama T alilazwa tena, joto limepanda na presha imeshuka, akapewa dawa za kuua bakteria kwa mshipa kwa siku 5.

## Ombi la pili lilivyojengwa

Tuliamua mambo manne, na kila moja lilikuwa na mjadala wake.

La kwanza lilikuwa ushahidi utoke wapi. Mama T alikuwa na daftari la shule, jalada la bluu, alilokuwa akiandikia matumizi ya nyumbani. Kurasa za nyuma aliandika kuhusu kovu, kwa ajili yake mwenyewe: "Jumanne. Limefura upande wa sikio." "Limetoka usaha leo, nimelala vizuri." "Sikuenda kanisani." Yalikuwa maandishi ya karibu miaka 2. Nikamsaidia kuomba nakala ya faili lake lote kutoka kwa daktari wa familia. Sheria ya kulinda taarifa inampa kila mtu haki hiyo bila malipo, na kwa kawaida jibu hutakiwa ndani ya mwezi mmoja. Tulikaa mezani jioni tatu tukilinganisha daftari na faili. Karibu kila alipoandika "usaha", siku moja hadi nne baadaye faili lilionyesha dawa za kuua bakteria. Kozi 9 ndani ya miezi 14, zilizoandikwa na madaktari tofauti, na hakuna aliyewahi kuzihesabu. Kulazwa mara 3, mara ya mwisho ikiwa ile ya wakati wa mapitio.

La pili lilikuwa vipimo. Daktari bingwa, alipoona orodha ile, aliinamisha kichwa akaisoma mara mbili. Kisha akaagiza picha ya MRI, inayoonyesha ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Ilionyesha mifereji iliyozama ndani ya kovu na mifuko mitatu isiyo na njia ya kutokea. Mtaalamu wa viungo alimpima shingo kwa kipimapembe: upande wa kulia alifika nyuzi 70, ambazo ni za kawaida, upande wa kushoto 35. Mama T akajaza pia dodoso la athari za ugonjwa wa ngozi kwa maisha, lenye alama hadi 30. Alipata 23, na kuanzia 21 huhesabiwa kuwa athari kubwa kupita kiasi. Safari hii mkalimani alikuwapo chumbani.

La tatu lilikuwa matibabu yenyewe yaombwe vipi. Ombi la kwanza lilisema tu "kukata kovu", na hapo waamuzi walikuwa na haki ya kusita, maana keloidi ikikatwa bila tiba nyingine hurudi kwa kati ya asilimia 45 na 100 ya wagonjwa katika tafiti zinazonukuliwa zaidi. Kuna njia ya kufuatisha mionzi mara baada ya upasuaji, ambayo hupunguza kurudi. Daktari wa upasuaji aliikataa kwa sababu kovu liko shingoni, jirani na tezi ya thairoidi, na hakutaka kuimulika mionzi bila sababu ya saratani. Wakaandika mpango mwingine: kukata kovu pamoja na mifereji yake yote, kisha sindano za steroidi iitwayo triamsinoloni kila baada ya wiki 4 hadi 6, huku wakimfuatilia kwa mwaka mzima. Katika fomu daktari aliongeza sentensi ambayo nadhani ndiyo iliyofungua mlango. Alisema lengo la upasuaji ni kuondoa mifuko inayozaa maambukizi, na kwamba hata keloidi ikirudi kwa sehemu, faida hiyo itabaki.

La nne lilikuwa la kuacha nje, na lilikuwa gumu kuliko yote. Mama T alitaka waandike kwamba amepoteza kazi, kwamba ndiye anayewasomesha wadogo zake, kwamba hajakaa mbele kanisani tangu mwaka juzi. Nilimweleza kwamba bodi nyingi haziruhusu mambo ya kijamii kupimwa, kwa hoja kwamba si haki mwenye watoto au mwenye kazi apate tiba na mpweke aikose. Mahakama ya Rufaa iliukubali utaratibu huo mwaka 2011 katika kesi ya Condliff, mgonjwa aliyeomba upasuaji wa kupunguza uzito.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo wadogo zangu hawahesabiki?"

"Kwenye fomu hii, hapana, mama."

Akasema sawa, lakini akaniomba niyaandike mahali fulani. Ndiyo maana yamo humu.

## Matokeo

Ombi la pili lilivuka mchujo na jopo likalikubali, miezi 7 baada ya lile la kwanza kukataliwa. Barua iliyataja mambo matatu: mifereji iliyoonekana kwenye picha, kulazwa mara 3, na kwamba faida inayotarajiwa haitegemei kovu kutorudi kabisa. Kozi 9 za dawa zilitajwa kwenye mabano.

Upasuaji ulichukua zaidi ya saa 3. Baada ya miezi 13 alikuwa hajatumia dawa ya kuua bakteria kwa ajili ya shingo hata mara moja, na shingo ilifika nyuzi 60 upande wa kushoto. Pembeni, chini ya sikio, keloidi imeanza kuinuka tena, upana wa ukucha wa kidole gumba. Anaendelea na sindano. Anaumia akidungwa, na anakwenda.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi hasa ni kuhesabu. Taarifa nyingi zilizoshinda zilikuwapo tangu mwanzo, zimetawanyika: nyingine kwa daktari wa familia, nyingine wodini, nyingine kwenye daftari la matumizi. Kila daktari aliona jipu moja. Mgonjwa peke yake ndiye aliyeona yote 9, na hakuna aliyemuuliza kwa namna ambayo angeweza kujibu. Wasaidizi wapya nawaambia wamuulize mgonjwa anaandika wapi. Wengi wanaandika mahali fulani: nyuma ya kalenda, kwenye ujumbe wa simu aliomtumia dada yake, ndani ya jalada la Biblia au msahafu. Picha za simu zina tarehe.

Jambo la lugha linaniuma zaidi, kwa sababu haliwezi kurekebishwa na fomu bora. Mswahili wa adabu hamtajii mtu usaha usoni, ataanza na haya na kutegemea msikilizaji aulize, "haya ya nini?" Hilo ndilo swali ambalo msikilizaji wa Kiswahili angeliuliza bila kufikiri. Mkalimani wa simu, akiwa na dakika 20 na haoni leso, alitafsiri haya kuwa aibu, na aibu juu ya kovu ikageuka mwonekano. Neno "mwonekano" likishaingia kwenye fomu ya aina hii, kinachofuata husomwa kupitia hilo. Simlaumu. Lakini tangu hapo, kabla ya kliniki huwa nakaa na mgonjwa tukatafuta maneno ya wazi ya kitu kinachotoka, kinachouma na kisichofanyika, naye anayaandika kwa mkono wake na kumpa mkalimani ayasome kama yalivyo.

Sasa ile sentensi ya asili ya Afrika. Jamaa wengi wa Mama T waliona ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na kwa haki ya kibinadamu nakubaliana nao: kama ugonjwa unawapata zaidi watu weusi na sera inauweka kwenye kapu la urembo, mtu ana sababu ya kuuliza. Ila kwenye mlango huu hoja hiyo inafanya kazi kinyume. Ukisema tatizo ni la wengi, umekiri kwamba mgonjwa wako ni mmoja wa kundi, na bodi hujibu kwamba kundi linahitaji sera, haliwezi kuingizwa mtu mmoja mmoja kwa mlango wa upekee. Mahali pake ni kwenye sera yenyewe. Kifungu cha 149 cha Sheria ya Usawa ya 2010 kinazitaka taasisi za umma zizingatie ipasavyo athari za maamuzi yao kwa watu wa makundi yanayolindwa, rangi na asili zikiwamo. Hoja ile tuliitoa kwenye ombi la pili, tukaiandikia barua ya pekee kwa wanaopanga sera.

Hilo halimaanishi kwamba jopo linaweza kusema lolote chini ya kivuli cha upekee. Mwaka 2006, katika kesi ya Rogers dhidi ya bodi ya afya ya Swindon wakati huo, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha sera juu ya dawa ya saratani ya matiti, Herceptin. Bodi ilisema fedha si kigezo na kwamba itatoa dawa kwa wenye hali ya kipekee tu, lakini haikuweza kuonyesha njia yoyote ya busara ya kumtofautisha mgonjwa mmoja na mwingine. Na Katiba ya NHS inampa mgonjwa haki ya kutegemea uamuzi wa busara uliotazama ushahidi, pamoja na kuelezwa sababu anapokataliwa. Kwa hiyo barua ya kukataa isitupwe kwa hasira kama nilivyokaribia kufanya. Ilitueleza sababu tatu, na ombi la pili lilikuwa jibu la sababu hizo tatu kwa mpangilio uleule.

Kuhusu mapitio, kanuni ninayofuata sasa ni fupi. Ikiwa kosa ni lao, yaani hawakusoma waraka uliokuwapo au hawakufuata utaratibu wao wenyewe, omba mapitio, na yakishindikana kuna msuluhishi wa malalamiko wa Bunge na huduma za afya. Ikiwa kosa ni letu, yaani waraka haukuwapo, rudi kwa daktari uandae ombi jipya siku hiyohiyo. Wiki zile 6 zilikuwa za aina ya pili.

Lipo moja ambalo sijalitatua. Mama T alipata tiba kwa sababu hali yake iliachwa ikaharibika hadi ikatofautiana na za wengine. Angeomba miaka 2 mapema, kovu likiwa dogo, kabla mifereji haijachimbika, upasuaji ungekuwa mwepesi, na asingekuwa na upekee wowote wa kuonyesha. Daktari wa upasuaji aliniambia maneno hayohayo kwenye korido, akiwa bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji. Tuliyaandika kwenye ile barua ya sera, tukaambatanisha hesabu ya siku za wodini na kozi za dawa, jina limefutwa. Bodi imejibu kwamba sera ya vivimbe vya ngozi itaangaliwa upya, na imemwalika daktari kutoa maoni. Mama T ameomba awepo siku hiyo, na ameshaniuliza kama anaweza kuja na daftari.